Kampuni ya nje inaanza lini kudaiwa kodi hapa? Mwongozo kamili kwa mawakala, wahasibu na wenyeji wa Tanga

Tanga tuna msemo wetu: waja leo waondoka leo. Mgeni wa namna hiyo hana shida na Mamlaka ya Mapato. Shida ni yule aliyesema anakuja kwa wiki mbili, na sasa ana chumba cha kufanyia kazi Raskazone, gari la kukodi, kijana wa geti, na mwaka umekatika.

Naandika haya kwa sababu swali moja linarudi mezani kwangu kila mwezi, na karibu kila anayelileta amekosea mahali palepale: ameanza na jibu. "Kampuni haijasajiliwa hapa, kwa hiyo haidaiwi." Au: "Nchi yao ina mkataba wa kodi na sisi, kwa hiyo haidaiwi." Kauli zote mbili zinaweza kuwa si kweli kwa kampuni ileile.

Kinachotafutwa ni kitu kimoja, kituo cha kudumu cha biashara. Nitakiita kituo tu. Mikataba ya kuepuka kutoza kodi mara mbili inasema faida ya biashara hutozwa na nchi ya nyumbani kwa kampuni, isipokuwa kampuni iwe na kituo katika nchi ya pili. Hapo nchi ya pili nayo hupata haki ya kutoza ile faida iliyotokana na kituo hicho. Kituo hakisajiliwi. Kinatokea. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa nacho kwa miezi minane bila kujua.

## Vitu vya kuweka mezani kwanza

Usianze bila hivi. Anayeanza kwa kumbukumbu za kichwani huishia kuhesabu upya.

- Mikataba yote ya kazi, pamoja na ya nyongeza na ile ya wakandarasi wadogo.
- Nakala za kurasa za pasipoti zenye mihuri, za kila mfanyakazi aliyeingia nchini, na vibali vyao vya kazi.
- Daftari la geti la mteja. Hili wengi hulidharau, na ndilo lisilodanganya.
- Mikataba ya pango: nyumba, ofisi, stoo, uwanja wa kuegesha mitambo.
- Nyaraka za forodha za mashine zilizoingizwa, hata kwa muda.
- Ankara, na uthibitisho wa akaunti iliyopokea fedha.
- Jumbe za WhatsApp na barua pepe zinazohusu bei na kukubaliana.
- Cheti cha ukaazi wa kodi cha kampuni, kutoka mamlaka ya kodi ya kwao.
- Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 pamoja na mabadiliko yake ya kila mwaka, na maandishi kamili ya mkataba wa kodi ikiwa upo.
- Kalenda ya ukutani na kalamu za rangi mbili.

Hiyo kalenda si mzaha. Utaiona kazi yake hatua ya 4.

## Hatua ya 1: Jua ni nani hasa unayemzungumzia

Kampuni ya nje huingia Tanga kwa mlango mmoja kati ya miwili. Huenda imefungua kampuni mpya hapahapa, yenye cheti cha BRELA (msajili wa kampuni) na wakurugenzi wake. Hiyo ni mkazi. Inalipa kodi kama kampuni yoyote ya Tanzania, na habari ya kituo haiihusu. Au kampuni yenyewe ya nje ndiyo inayofanya kazi, iwe imesajili tawi au haijasajili chochote.

Kuwa na kampuni tanzu hapa, tuiite mtoto, hakumpi mzazi, yaani kampuni ya nje inayoimiliki, kituo, na mikataba inasema hivyo waziwazi. Lakini mzazi akituma watu wake, wakakaa ndani ya ofisi ya mtoto na kufanya kazi ya mzazi, anaweza kupata kituo ndani ya nyumba ya mwanawe.

Ili kutambua, achana na jina lililo kwenye kofia za mafundi. Tazama nani amesaini mkataba, nani ametoa ankara, na fedha imeingia akaunti ya nani. Majibu yakiwa matatu tofauti, simama hapo na uulize. Usiendelee.

Tahadhari. Sheria ya Makampuni inaitaka kampuni ya nje iliyoweka mahali pa biashara nchini kupeleka nyaraka zake kwa msajili ndani ya siku 30. Asiyefanya hivyo ana kosa upande wa usajili, na bado kituo chake cha kodi kiko palepale.

## Hatua ya 2: Mkataba wa kodi upo au haupo?

Kwa miaka mingi orodha yetu imekuwa na nchi tisa: Afrika Kusini, Denmark, Finland, India, Italia, Kanada, Norway, Sweden na Zambia. Ule wa Zambia ni wa 1968. Wa India uliandikwa upya na kusainiwa 2011. Kabla ya kuanza kazi angalia kama kuna jipya lililoongezwa, na usitosheke na taarifa ya kusainiwa. Mkataba unaweza kusainiwa ukalala. Ule wa Jumuiya ya Afrika Mashariki ulisainiwa 2010, na watu bado wananiletea wakidhani unafanya kazi.

Kwa hiyo tuelewane kuhusu Kenya. Horohoro ni karibu, mizigo inapita kila siku, na mfanyabiashara wa Mombasa anaona Tanga ni mtaa wa pili. Kwenye kodi ya mapato hana mkataba wa kumkinga. Wachina pia hawana, Waingereza hawana, Wamarekani hawana. Kwao inatumika sheria ya ndani peke yake.

Sheria hiyo inasemaje? Kituo ni mahali ambapo mtu anafanya biashara. Kisha inataja mambo matatu yanayoingia humo: mahali anapofanya biashara kupitia wakala, isipokuwa wakala huru anayefanya shughuli zake za kawaida, mahali alipotumia au kufunga mitambo mikubwa, na mahali penye mradi wa ujenzi, uunganishaji au ufungaji unaodumu miezi sita au zaidi, pamoja na kazi ya kuusimamia.

Mkataba ukiwepo, hauanzishi kodi. Kodi inatoka kwenye sheria ya ndani. Mkataba unapunguza upana wake, na vikipingana, mkataba ndio unaoshinda. Kwa hiyo unasoma vyote viwili: kwanza sheria, halafu mkataba, mara nyingi ibara ya 5 inayoeleza kituo na ya 7 inayoeleza faida.

Tahadhari. Kuwa na anwani India au Afrika Kusini hakutoshi. Cheti cha ukaazi kinahitajika. Tena sheria yetu inaweza kuinyima kampuni nafuu ya mkataba pale ambapo nusu au zaidi ya umiliki wake wa mwisho uko kwa watu wasio wakazi wa nchi hiyo wala wa Tanzania. Kampuni ya kivuli iliyofunguliwa ili kuokota mkataba hukwama hapa.

Ukifaulu: una karatasi moja yenye mstari mmoja. Ama "sheria ya ndani peke yake", ama "sheria ya ndani na mkataba wa nchi fulani".

## Hatua ya 3: Tafuta mahali

Jiulize: kuna mahali panapoonekana kwa macho? Pametulia kiasi cha kuitwa pa kudumu? Na kazi ya kampuni inafanyika kupitia hapo?

Kosa la kawaida ni kutafuta hati ya pango. Umiliki si sharti, wala pango. Sharti ni kwamba kampuni ina mahali inapoweza kupatumia kwa shughuli zake. Maelezo ya mkataba wa mfano wa OECD (shirika la kiuchumi la nchi zilizoendelea), ambao ni kielelezo kinachonakiliwa na nchi nyingi, yana mfano wa mpaka rangi: kwa miaka miwili anakwenda siku tatu kila wiki kwenye jengo kubwa la mteja wake mkuu. Hana funguo, hana meza, halipi kodi ya pango. Ana kituo, kwa sababu kazi yake yenyewe inafanyika mle. Basi mhandisi wa kampuni ya Italia aliyepewa kona ndani ya kiwanda cha mteja kule Pongwe kwa mwaka mzima asijifiche nyuma ya maneno "kona siyo yetu".

Na "pa kudumu" ni muda gani? Kwa desturi, chini ya miezi sita mara nyingi hapafiki. Lakini desturi hiyo ina mitego miwili.

Mtego wa kwanza ni kazi inayojirudia. Maelezo yale yale yanataja kampuni inayochimba kwenye eneo la barafu ambako hali ya hewa inaruhusu miezi mitatu tu kwa mwaka, lakini kazi itachukua miaka mitano. Vipande vinajumlishwa. Kwetu barafu haipo, ila pepo zipo: kampuni ya wapiga mbizi inayokuja kila kaskazi bahari ikitulia, inafanya kazi miezi mitatu na kuondoka kusi likianza, miaka mitano mfululizo, haiwezi kudai kila mwaka ni ugeni mpya.

Mtego wa pili ni muda mfupi wenye udhibiti mkubwa wa shughuli. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya India iliamua kwamba kampuni iliyokuwa nyuma ya mbio za magari za Formula One ilikuwa na kituo kwenye uwanja wa mbio nchini humo, ingawa mbio zenyewe ni za siku tatu. Kampuni ndiyo iliyokuwa na udhibiti wa uwanja siku hizo, na mkataba ulikuwa wa miaka kadhaa. Hukumu ya India haiifungi mahakama yetu, lakini wakaguzi wa kodi duniani husoma kesi za wenzao.

Kuhusu anayefanya kazi nyumbani: Mdenmark aliyepanga Raskazone na kufanya kazi za mwajiri wa Copenhagen kwa kompyuta hampi mwajiri wake kituo kwa kukaa tu. Maelezo mapya ya OECD ya 2025 yanaanzia kwenye nusu: akifanya kazi nyumbani hapo chini ya nusu ya muda wake wa kazi katika miezi 12, kwa kawaida nyumba haihesabiki. Ukizidi, inaulizwa kama kampuni ina sababu ya kibiashara ya yeye kuwa hapa, wateja kwa mfano. Mwenye sababu ya upepo wa bahari na mapenzi yuko salama zaidi kuliko mwenye wateja Chumbageni.

Na ile mitambo mikubwa ya sheria ya ndani inatisha zaidi ya inavyosomeka, kwa kuwa haitaji mtu wala miezi. Kampuni isiyo na mkataba wa kodi ikiingiza mitambo mikubwa na kuitumia hapa, ianze kujiuliza siku mashine inapotoka forodhani.

## Hatua ya 4: Hesabu siku

Hapa ndipo wengi huanguka, nami nimeanguka. Miaka kadhaa nyuma nilimhesabia mteja mmoja mradi wa kufunga mashine ya mkonge, yaani korona ya kuchakata majani pamoja na vikaushio, shambani. Mkataba uliandika tarehe ya kuanza na ya kukabidhi. Nikapata miezi mitano na siku kadhaa. Nikaandika barua safi, nikalala usingizi. Mkaguzi alipokuja hakuutazama mkataba wangu. Aliomba pasipoti. Fundi mkuu alikuwa ameingia wiki sita kabla, akapanga nyumba, akaandaa kambi na kupima uwanja. Miezi sita ikapita hivyo, na mteja hakuniuliza tena chochote hadi leo.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu, na hapa ndipo kalenda inapotundikwa.

Anza kuhesabu mapema. Mradi wa ujenzi huanza siku mkandarasi anapoanza kazi nchini, maandalizi yakiwemo. Ofisi ya kupanga ujenzi nayo ni kazi. Tia alama ya rangi ya kwanza kwenye siku hiyo, si siku ya jiwe la msingi.

Maliza kuhesabu kwa kuchelewa. Mradi unakwisha kazi inapokwisha au inapoachwa moja kwa moja. Muda wa kuwasha na kujaribu mashine, mafundi wa kampuni wakiwepo, kwa kawaida unaingia.

Usikate masika. Mvua za Machi hadi Mei zikifunga barabara ya shambani, saa haisimami. Vifaa vikikwama bandarini, haisimami. Wafanyakazi wakienda likizo, haisimami. Kusimama kwa muda ni sehemu ya maisha ya mradi.

Jumlisha wakandarasi wadogo. Mkandarasi mkuu aliyempa mwenzake kipande cha kazi anahesabiwa na muda wa huyo mwenzake kwenye eneo hilo.

Jumlisha kambi zinazohama. Barabara, reli na bomba ni miradi inayotembea. Chukua barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo: kambi ya leo si ya mwakani, na hakuna sehemu moja ambapo mafundi watakaa muda mrefu. Hata hivyo mradi ni mmoja, na unahesabiwa kama mmoja. Bomba la mafuta ghafi linaloishia Chongoleani lina urefu wa kilomita 1,443. Ukihesabu kila kilomita peke yake hutapata kituo milele, na hakuna mkaguzi atakayekubali hesabu hiyo. (Bomba lenyewe lina makubaliano yake na serikali. Mkandarasi mdogo anayelifanyia kazi asome hayo kabla ya kutumia mwongozo huu.)

Unganisha mikataba iliyokatwa vipande. Kazi ya miezi tisa iliyogawanywa kuwa mikataba miwili ya miezi minne na nusu, moja kwa kampuni mama na moja kwa dada yake, ni janja ya zamani. Uwanja ni uleule, mteja yuleyule, mafundi walewale. Inaungana.

Sasa, namba ya kulinganisha nayo. Sheria ya ndani ni miezi sita. Mkataba wa mfano wa Umoja wa Mataifa, unaopendwa na nchi kama zetu, nao ni miezi sita. Wa OECD ni miezi 12. Mikataba yetu haifanani, kwa hiyo fungua ule unaokuhusu na usome tarakimu kwa macho yako. Usiulize kijiweni.

Kwa huduma, yaani ushauri, upimaji au mafunzo, mfano wa Umoja wa Mataifa unahesabu siku: zaidi ya 183 ndani ya miezi 12 yoyote. Angalia "yoyote". Si mwaka wa kalenda. Siku 100 za Agosti hadi Desemba na 100 za Januari hadi Mei ni 200. Nimeona mtu mzima, mwenye shahada, akikata hesabu tarehe 31 Desemba kama anayefunga duka.

Wapimaji watano wakiwa kazini siku moja, hiyo ni siku moja, si tano. Lakini wakipokezana, Juma akitoka Ijumaa na mwenzake akaingia Jumamosi, zote zinahesabiwa. Tumia rangi ya pili kwa siku hizi: kila siku ambayo walau mtu mmoja wa kampuni alifanya kazi hiyo. Kama mkataba wa kodi unataka mradi mmoja au miradi inayohusiana, tenganisha kazi zisizohusiana kwenye kalenda mbili.

Ukifaulu: una namba mbili, miezi ya mradi na siku za huduma, na kila siku ina karatasi nyuma yake. Muhuri, daftari la geti au hati ya kazi.

## Hatua ya 5: Tafuta mtu

Kampuni inaweza kukosa mahali na siku, ikanaswa na mtu. Wakala anayefunga mikataba kwa jina la kampuni, kwa mazoea, ni kituo kinachotembea kwa miguu.

Nilikaa na mzee mmoja barazani Ngamiani, kahawa na kashata katikati yetu. Anauza vipuri vya kampuni ya ng'ambo.

"Shikamoo babu. Wewe na hiyo kampuni mkoje?"

"Marahaba mjukuu wangu. Mie dalali tu. Sisaini kitu, wao ndio wanasaini hukohuko."

"Bei anapanga nani?"

"Mimi. Wao wanijue wapi soko la Tanga?"

"Wameshakataa oda yako hata moja?"

Akacheka. "Tangu nianze, hata moja."

Jibu limo kwenye kicheko hicho. Saini ya ng'ambo inayofuata kila neno la mzee ni muhuri tu. Mkataba wa mfano wa OECD tangu 2017 unamnasa waziwazi mtu mwenye nafasi kuu katika kufikia makubaliano ambayo kampuni huyapitisha bila kuyabadili. Mikataba ya zamani, na mingi yetu ni ya zamani, huuliza kama ana mamlaka ya kufunga mkataba. Hapo kuna nafasi ya kubishana, lakini mamlaka hupimwa kwa yanayofanyika. Mfano wa Umoja wa Mataifa unamwongeza yule asiye na mamlaka lakini ana stoo ya bidhaa za kampuni na anatoa mzigo mara kwa mara.

Anayetoka salama ni wakala huru: ana biashara yake, anabeba hasara yake, anawahudumia wengi, hapewi amri za kila siku. Kampuni ya uwakala wa forodha bandarini yenye wateja arobaini ni huru. Mzee wangu mwenye kampuni moja, simu ya kampuni na posho ya mwezi, si huru. Nilimwambia hivyo kwa adabu zote. Akaniagizia kikombe cha pili.

Tahadhari. Wakala akionekana si huru, anayedaiwa ni kampuni. Lakini mlango utakaogongwa kwanza ni wa wakala, kwa sababu ndiye aliyepo.

## Hatua ya 6: Ondoa shughuli za pembeni, kama unaruhusiwa

Mikataba huacha nje mahali panapotumika kwa maandalizi au usaidizi tu: kuhifadhi bidhaa, kuzionyesha, kununua bidhaa kwa ajili ya kampuni, kukusanya taarifa. Mnunuzi wa kampuni ya India mwenye chumba cha kununulia viungo vya Amani na kusafirisha, pasipo kuuza chochote hapa, anaweza kuegemea hapo.

Mnunuzi wa Mombasa anayekaa msimu mzima Muheza kununua machungwa hana mkataba, na tafsiri ya sheria ya ndani haina orodha hiyo ya nafuu. Shughuli ileile, jibu tofauti. Ndiyo maana hatua ya 2 ilitangulia.

Kipimo: je, shughuli hiyo ni sehemu ya kiini cha biashara ya kampuni? Stoo ya muuzaji wa mtandaoni anayeahidi kufikisha mzigo kwa siku moja si usaidizi. Ndiyo biashara yenyewe. Vivyo hivyo usiigawe kazi moja vipande vinne na kuita kila kipande cha pembeni.

## Hatua ya 7: Pigia hesabu matokeo

Nachukua mfano niliourahisisha. Mteja wa Tanga anailipa kampuni ya nje shilingi milioni 200 kwa huduma iliyofanyika hapa. Gharama halali za kampuni ni milioni 150.

*Haina kituo, haina mkataba wa kodi.* Mteja anakata kodi ya zuio, ile inayokatwa kabla mgeni hajalipwa, 15%, yaani milioni 30, juu ya malipo yote bila kutazama gharama.

*Haina kituo, mkataba upo.* Malipo yakiwa ni faida ya biashara, haki ya kutoza ni ya nchi ya nyumbani. Lakini soma mkataba hadi mwisho, kwa maana baadhi ya ile ya zamani ina ibara ya pekee ya ada za usimamizi inayoturuhusu kukata kitu. Na usiache kukata zuio kwa sababu mgeni amekuambia tu. Pata cheti cha ukaazi mkononi, na msimamo wa Mamlaka kwa maandishi.

*Ina kituo.* Faida ni milioni 50. Kodi ya kampuni 30% ni milioni 15. Zikibaki milioni 35 na zote zikarudishwa makao makuu, kuna 10% ya faida inayohamishwa, milioni 3.5. Jumla milioni 18.5.

Soma tena namba hizo. Asiye na mkataba wala kituo amelipa milioni 30, mwenye kituo 18.5. Watu wanakikimbia kituo kama kipindupindu, na wakati mwingine kingewaokoa. Sharti ni vitabu: gharama zisizo na stakabadhi hazipo.

Kituo huvuta na mishahara. Fundi wa nje anayekaa chini ya siku 183 kwa kawaida hulindwa na mkataba asitozwe hapa kwa mshahara wake. Mshahara huo ukibebwa na kituo, kinga inaondoka, na kodi ya mshahara inahesabiwa tangu siku ya kwanza. VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ina vigezo vyake, usiichanganye humu. Na wanaouza huduma za kidijitali kutoka nje bila kukanyaga nchi wana kodi yao ya 2% ya malipo, iliyoanza Julai 2022.

Tahadhari kwa mteja wa hapa. Kodi ya zuio inapelekwa ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Usipoikata, unailipa wewe kana kwamba uliikata. Mgeni atakuwa ameshapanda ndege.

## Hatua ya 8: Andika, kisha peleka

Andika waraka wa kurasa mbili au tatu: kampuni ni nani, sheria ipi inatumika, mahali, siku, mtu, shughuli za pembeni, hitimisho. Weka tarehe. Ambatisha kalenda. Waraka ulioandikwa kabla ya ukaguzi una uzito ambao maelezo ya baada ya ukaguzi hayana.

Jibu likiwa "kituo kipo", omba TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni, tenga vitabu vya kituo na vya makao makuu, peleka makadirio na ulipe kwa awamu nne za mwaka. Ritani ya mwisho inatakiwa ndani ya miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kufungwa. Faida inayotozwa ni ile ya kituo tu, kana kwamba ni biashara inayojitegemea inayouziana na makao makuu kwa bei ya soko. Usimruhusu mhasibu wa ng'ambo akushushie "mgao wa gharama za makao makuu" wa mstari mmoja bila kiambatisho.

Jibu likiwa katikati, unaweza kumwomba Kamishna Mkuu uamuzi wa maandishi kuhusu shughuli yako, kwa kueleza ukweli wote. Ukificha jambo moja, uamuzi hautakulinda.

Makadirio ya Mamlaka yakikufikia na hukubaliani nayo, una siku 30 za kuweka pingamizi, na unatakiwa kulipa kiasi usichobishia au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kile kilicho kikubwa. Mwenye mkataba ana njia ya ziada: mamlaka za nchi mbili kukaa na kupatana. Inachukua muda mrefu na haisimamishi zile siku 30, kwa hiyo weka pingamizi kwanza.

Kalenda usiitupe. Ikunje, iweke kwenye faili pamoja na nakala za pasipoti, na mradi mwingine ukianza tundika mpya pembeni yake.